Swali Nililomuuliza Doto Kila Asubuhi

Wanangu mnaoanza kazi ya wodi, vuteni mabenchi. Mimi ni Mama Kabula. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga ng'ombe. Lakini nimedeki wodi ya wagonjwa wa akili hapa Mwanza miaka ishirini na saba. Nimewaona wataalamu wakija na vyeti virefu kuliko mpini wa dekio langu, wakahama, dekio likabaki. Kwa hiyo mnisikilize hata kama mmenizidi kusoma. Kunizidi kusoma si kazi.

Mjukuu wangu Sabina anasoma saikolojia chuoni, kule Nyegezi. Narudia: mjukuu wangu, chuoni, saikolojia. Majirani zangu wa Ilemela wamechoka kulisikia, na ninyi mtachoka. Juzi alikuja kwangu na daftari lake, anakariri kwa sauti huku mimi nachambua dagaa. Akasoma kwamba ndani ya mtu kuna mambo ambayo mwenyewe hajui kuwa anayo, kwamba ya utotoni hayafi bali hujificha, na kwamba mtu hujijengea ukuta asiumie, kisha anasahau kuwa ameujenga yeye.

"Hiyo inaitwaje?" nikamuuliza.

"Saikodinamiki, bibi. Ngumu hiyo."

"Ngumu kwako. Mimi niliisomea kwa ndoo na sabuni ya unga."

Akacheka mpaka akakalia dagaa wangu. Kisha akasema, basi andika bibi, wahudumu wapya wasome. Nimeandika. Herufi kanisahihishia yeye, maneno nimemkataza kuyagusa. Na sababu ya kukubali ni mtoto mmoja mchanga aliyebakiza siku tatu tu kutenganishwa na mama yake, na jinsi mdomo wangu mimi, huu huu, ulivyokuwa unamsukuma aende. Nitafika huko. Kwanza mjue wodi.

Mgonjwa usimdekie kwa nyuma. Mtu ambaye tayari anaona anafuatwa, halafu asikie maji yanachuruzika kisogoni, atakupiga na atakuwa na haki. Pita mbele, msalimie, mwambie, "Naomba miguu yako nipite." Funguo usizining'inize kiunoni zikalia kama kengele ya jela, ziweke mfukoni. Na usimwambie mtu "tulia." Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia, hata mume wangu.

Sasa, chumba cha chai. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu, maana wataalamu wakinywa chai husahau kuwa mhudumu ana masikio. Tulikuwa na watatu. Daktari wetu Projestus, Mhaya mmoja mpole anayevaa viatu vinavyong'aa, yeye aliamini ubongo ni kiungo kama ini, ukiugua unautibu kwa dawa. Sista Ester, mkuu wa wodi, aliamini mazoea. Mtu kajifunza woga, basi ajifunze kutouogopa, hatua kwa hatua, na kila hatua iandikwe kwenye daftari. Wa tatu alikuja baadaye, kijana kutoka Mbeya anaitwa Ambokile, mwanasaikolojia. Huyo ndiye alikuja na mambo ya utotoni. Kwenye chumba chake aliweka viti viwili tu, meza akaitoa nje. Meza yenyewe niliichukua mimi, nikawa natandazia vikombe.

Siku ya kwanza akatufundisha wakati wa chai.

"Akili ya mtu ni kama mlima wa barafu baharini," akasema. "Kinachoonekana juu ni kidogo. Kikubwa kiko chini ya maji."

Sista Ester akauliza, "Barafu ipi? Ya kwenye friji?"

"Hapana Sista, ya baharini, kule kwenye baridi kali."

"Umewahi kuiona?"

"Bado."

Nikaweka birika chini. "Baba, njoo dirishani. Unaona ziwa? Unaona yale mawe? Hivyo ni vichwa tu. Muulize yeyote mwenye mtumbwi hapa kama aliwahi kupasuliwa na kichwa cha jiwe. Linalopasua ni bega lake, lile la chini."

Akatazama mawe kwa muda mrefu. Akatoa kalamu, akaandika. Tangu siku hiyo barafu sikuisikia tena.

Alikuwa kijana mzuri, ila alikuja na makosa ya kitabuni. Chuoni walimfundisha kwamba mtaalamu akae kimya, mgonjwa aanze mwenyewe. Basi siku moja kaingia kwake mzee mmoja wa Misungwi, dereva mstaafu. Ambokile kanyamaza. Mzee kanyamaza. Baada ya muda mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mnanipeleka wapi ninyi? Nimekaa na mtoto mle ndani, hata shikamoo hana!"

Nikamfuata Ambokile. Alikuwa amekaa, mikono magotini. Nikamwambia, "Baba, anza na shikamoo, muulize za nyumbani, ng'ombe hawajambo. Ukimaliza hapo, nyamaza unavyotaka."

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha jambo jingine. Alinichukia mimi, hakuna mfano. Nikimpa uji anaumwaga. "Toka hapa na kikombe chako, mama wa kuonea!" Mimi sikuwahi kumkosea hata kwa jicho. Nikaanza kumkasirikia na mimi, nikawa namwekea uji mbali kidogo ajinyooshe. Ndiyo, nilifanya hivyo. Msijifanye malaika, na ninyi mtafanya.

Ambokile akamuuliza mzee, taratibu, "Huyu mama anakukumbusha nani, babu?" Mzee akaropoka jina la mama yake wa kambo, aliyefariki kabla Ambokile hajazaliwa. Mama huyo alikuwa akipakua chakula anaanza na wanawe, yeye anampa wa mwisho, ukoko. Na kitanda cha mzee kilikuwa wapi? Ukutani mwisho kabisa. Kila asubuhi mimi naanza kugawa uji mlangoni, nafika kwake wa mwisho.

Kesho yake nikaanzia kwake. Siku ya nne akaniita dada.

Sabina anasema hilo lina jina refu kitabuni. Mimi nawaambia hivi: mgonjwa anaweza kukuvisha nguo ya mtu mwingine, ya mama yake, ya mwalimu aliyemchapa, ya mke aliyemkimbia. Usigombane na nguo. Simama ndani yake kidogo, uangalie ni ya nani.

Na msifikiri haya ni ya wagonjwa peke yao. Kuna asubuhi mume wangu aliwakaribisha binamu zake watatu walale kwangu, hakuniambia, nikawakuta mkekani wanakoroma. Nikasema sijakasirika. Nikaenda kazini, nikaanza korido. Saa nne Sista Ester akapita, akasimama.

"Mama Kabula, baba Kabula kafanya nini leo?"

"Nani kakwambia?"

"Korido. Najiona uso."

Hasira haikwenda kwa mwenyewe, ikaenda sakafuni. Hilo nalo lina jina kitabuni. Sakafu za nchi hii zingeweza kusema, wanaume wangehama.

Lakini msije mkasema Mama Kabula anasifia viti viwili tu. Hapana. Kulikuwa na dereva wa bodaboda, anatetemeka, halali, moyo unamwenda mbio. Ambokile akamuuliza habari za baba yake wiki sita. Baba alikuwa mkali, baba alikuwa hivi, baba alikuwa vile. Kijana akazidi kukonda. Dokta Projestus akamtoa damu, kumbe ni tezi la shingoni. Alipopewa dawa akapona, na baba yake mkali akabaki mkali vilevile. Ambokile alitusimulia mwenyewe huku anacheka, kakishika kikombe kwa mikono miwili kama anayeomba msamaha. Hapo ndipo nilipompenda.

Na kulikuwa na mfanyabiashara wa Kamanga aliyeogopa kivuko, biashara inakufa ng'ambo. Sista Ester hakumuuliza habari za mama yake hata siku moja. Wiki ya kwanza alimpeleka akakitazame kivuko kwa mbali wakitafuna karanga. Wiki ya pili wakasimama pale magari yanapoingilia. Ya tatu wakavuka pamoja, Sista kamshika mkono kama bwana harusi. Ya nne akavuka peke yake, akaturudia na sato wawili wakubwa. Utoto wake ukabaki huko ulikokuwa, na sato tukala.

Kwa hiyo mtu anayesikia sauti zinamwamuru ajirushe jabalini, humkalishi kitini kumuuliza alinyonya miezi mingapi. Dawa kwanza. Mwenye woga wa kitu anachokijua, mpe hatua. Wapo pia wanaotaka tu mtu wa kuwasikiliza bila kuwahukumu, na hao hata mhudumu anawaweza. Ila yupo mmoja ambaye dawa imemfikisha nusu, hatua zimemfikisha nusu, halafu amekwama, na wala mwenyewe hajui kakwamia wapi. Huyo kapanda juu ya bega la jiwe. Hapo ndipo elimu ya Ambokile ilipo na kazi. Na isiwe ya kumlaumu mama kwa kila kitu. Sabina anasema vitabu vya zamani vilifanya hivyo. Nikamwambia viliandikwa na wanaume ambao hawakuwahi kufua nepi.

Sasa ninyi mnaona nimezunguka sana. Nilikuwa najipa moyo.

Nitamwita Veronika. Silo jina lake, na mwenyewe kaniruhusu nisimulie, tena kanituma, kasema, "Waambie mama, wasifanye ulivyofanya." Alitoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Alijifungua mapacha wa kike, na mwezi wa pili akaugua. Halali, hali, analia bila sauti. Wakamleta kwetu, na mama mkwe wake akapanga kwa ndugu hapo jirani ili alete watoto wanyonye.

Huku kwetu, kwa msiojua, pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Watoto wa Veronika basi ni Kulwa na Doto. Kulwa alimnyonyesha. Doto hapana. Ukimletea Doto anageukia ukutani na kujifunga kanga kifuani kwa mikono miwili. Mtoto analia mpaka anakuwa mwekundu, mama hageuki.

Dokta Projestus akampa dawa, ile isiyomdhuru anayenyonyesha. Kwa wiki mbili akalala, akala, akaanza kuchana nywele. Dawa ilifanya kazi, msije mkasema haikufanya. Lakini Doto hapana. Sista Ester akaja na daftari lake: leo mtazame, kesho mguse mguu, kesho kutwa mpakate dakika moja. Alifika kwenye mguu. Anaugusa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi ina moto. Ambokile akamkalisha kitini, akamuuliza habari za utotoni. "Nilikua vizuri," anasema. Kila siku nilikua vizuri, nilikua vizuri. Ambokile akarudi kwenye chai anajikuna kichwa.

Na kulikuwa na fumbo moja lililowagombanisha wote watatu. Asubuhi Veronika alikuwa mbaya kuliko mchana. Anaamka vizuri, ikifika saa mbili anasukuma uji, anajifunika. Dokta akasema labda ni saa za dawa. Sista akasema labda ni kelele za usafi. Mimi nikasema, "Kelele gani? Mimi nadeki kama paka."

Mama mkwe naye akachoka. Jumatano akatangaza: Jumamosi shangazi wa mume anakuja, atamchukua Doto akamlee kwake, mbali, kule mabondeni. "Mtoto anakunywa maziwa ya kopo na mama yupo. Bora apate mtu wa kumtaka." Ningemlaumu vipi? Yeye ndiye aliyekuwa anamsikia akilia.

Sasa sikieni nilichokuwa nafanya mimi.

Veronika alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekuja kumwona siku za mwanzo, anaitwa Shija. Nikamsikia mlangoni, "Dada Doto, umeamkaje?" Nikafurahi. Kumbe na yeye ni pacha! Doto kazaa Kulwa na Doto! Na kanda hii yote hakuna Doto aliyewahi kukua bila kuulizwa lile swali. Ni salamu. Dukani wanamuuliza, kisimani wanamuuliza, mtu hajakujua hata jina la baba yako anakuuliza. Basi na mimi kila asubuhi saa mbili, nikiingia na ndoo yangu, kwa furaha yote, namwamkia Kisukuma kwa sauti ya wodi nzima:

"Mwangaluka, Doto! Kulwa wako yuko wapi? Mwambie aje anishikie ndoo!"

Anatabasamu kidogo, anasema, "Yupo." Nami napita zangu nimeridhika kwamba nimemchangamsha mgonjwa. Wiki tatu. Isipokuwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Na ule mguu wa mtoto, mnajua aliugusa siku gani? Jumapili.

Alhamisi nikaingia kama kawaida. "Mwangaluka, Doto! Kulwa wako yuko wapi?"

Alikuwa ameshika kikombe cha uji. Hakutabasamu. Akanitazama usoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia:

"Nilimla."

Dekio likaniponyoka. "Unasemaje, mama?"

"Wanasema nilimla." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kama maneno yale kayasikia kwa mara ya kwanza na yeye.

Nawaambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu kachanganyikiwa upya, nikamwambie Dokta aongeze dozi. Nilishaanza kukimbia. Dokta alikuwa kwenye raundi upande wa wanaume, mlango umefungwa. Mlango uliokuwa wazi ni wa Ambokile. Hiyo tu. Mlango wa pili ungekuwa wazi, sijui leo ningekuwa naandika nini.

"Amesema amekula mtu!" nikamwambia.

"Amesemaje hasa, mama? Nipe maneno yake, usinipe yako."

Nikampa. Akauliza, "Na wewe ulikuwa umemwambia nini kabla?"

"Nimemsalimia tu. Doto, Kulwa wako yuko wapi. Tunavyosalimiana."

"Doto? Faili linasema Veronika."

"Veronika ni la kanisani. Nyumbani ni Doto. Hata mdogo wake ni Shija."

Akaketi polepole. "Kwenye faili nimeandika wamezaliwa watatu, yeye wa kwanza. Sikumuuliza zaidi." Akanitazama. "Na hilo swali unamuuliza kila siku?"

"Kila asubuhi," nikasema. Na hapo, wanangu, nikajisikia joto kuanzia unyayoni likipanda. Asubuhi. Saa mbili. Kelele za usafi zilikuwa ni mimi.

Nikaanza kulia. Ambokile akanisogezea kiti kile cha pili, cha wagonjwa, nikakikalia na aproni langu bichi. Akasema, "Mama Kabula, mimi nimeuzunguka huu mlango wiki tatu, sikujua upo wapi. Wewe umekuwa unaugonga kila siku bila kujua ni mlango. Hatujui nani kakosea zaidi. Ila sasa acha kugonga."

Akaenda kwake. Alimwamkia, akamuuliza za usiku, akanyamaza. Na Veronika akaniita nikae naye. Nami nilikaa, nikasikia.

Kulwa wake alifariki wakiwa wachanga, bado wananyonya. Yeye hakumbuki uso. Anachokumbuka ni kukua na maneno. Alikuwa mnene, mlaji mzuri, na wakubwa wakipita wanacheka: huyu alinyonya ziwa la mwenzake akammaliza. Utani, wala si ubaya. Kila mgeni akiuliza Kulwa yuko wapi, mtu wa nyumbani anajibu, muulize mwenyewe, kamla. Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Alipoenda shule akajiandikisha Veronika, akaona yameisha. Akaolewa, akazaa. Na Kulwa wake mchanga alikuwa dhaifu kidogo, na Doto ana nguvu, akishika ziwa anavuta kama ndama.

"Nikamwona," akasema. "Nikaona ni mimi. Nikimpa, atammaliza mwenzie." Akaikaza kanga kifuani. "Sikujua kuwa nawaza hivyo. Nilijua tu kuwa siwezi kugeuka."

Ambokile hakumwambia ni ujinga. Mimi ningemwambia, mdomo ulikuwa tayari, akanitazama nikaumeza. Alimuuliza tu, "Nani anajua Kulwa alifariki kwa nini?"

"Mama."

"Uliwahi kumuuliza?"

"Kwetu hilo halizungumzwi."

Ijumaa mama yake akavuka na kivuko cha asubuhi. Mama mfupi mweusi, mtu wa shamba, kabeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye ndoo. Wakamkalisha kwenye kile kiti. Veronika akamuuliza, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Mama, Kulwa nilimla?"

Yule mama akashika kichwa. "Nani? Wewe? Mlipata surua wote wawili. Wote! Maziwa yalikuwepo, yalikuwa yananimwagika mpaka nguo inaloa. Yeye alizidiwa asubuhi. Na wewe tulishakukatia tamaa, nikakushika usiku kucha nikisema huyu haondoki, huyu haondoki. Ukaanza kunyonya. Ndiyo maana nikawa nacheka ukila! Nilikuwa nafurahi!"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Wazee wa ukoo walikataza. Pacha akienda haliliwi, ukilia na mwenzake anafuata. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Basi akalia. Alilia kilio cha msiba chenyewe, cha kukaa chini na kunyoosha miguu, kilichokawia miaka yote hiyo. Veronika akashuka kitini akakaa naye sakafuni. Sakafu ilikuwa safi, niliidekia mwenyewe, hilo nitalisema mpaka nife.

Msidhani alitoka hapo akakimbilia mtoto. Vitabuni labda. Jioni ile walipomleta Doto aligeukia ukutani tena. Nikavunjika moyo. Sista Ester ndiye aliyesema, "Kujua ni kujua, mkono una mazoea yake," akafungua daftari pale pale walipoishia, kwenye mguu. Dokta akasema dawa isikatishwe hata siku moja kwa sababu ya maneno mazuri. Na Ambokile akakaa pembeni. Kwa mara ya kwanza niliwaona watatu hao kwenye chumba kimoja bila kugombana. Sista alisema, "Mguu." Veronika akashika mguu, safari hii kwa kiganja kizima. Mtoto akapiga teke. Mama yake mzazi akasema, "Angalia, kama wewe." Na Veronika akageuka nusu.

Jumamosi saa tano shangazi akafika. Mwanamke wa kazi, kanyooka kama mwiko, na kanga mpya begani ya kumbebea mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshafunga nguo za Doto kwenye mfuko. Nikasimama mlangoni na dekio. Nilikuwa nimedeki kizingiti kile mara nne asubuhi ile.

Veronika alikuwa kakaa kitandani, anatoka jasho. Kulwa yuko ziwa la kulia. Shangazi akasema, "Haya, mleteni nimwone binti yangu." Wakamleta Doto, akalia kwa ile sauti yake. Sista daftari kalibana kwapani. Veronika akafumba macho, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema, "Nipeni."

Sista akamshika kiwiko. Doto hakusubiri mtu atulie. Akalivamia ziwa akalishika, akavuta, mnasikia sauti chumba kizima. Veronika akafumbua macho, akamtazama wa kulia. Kulwa ananyonya. Akamtazama wa kushoto. Doto ananyonya. Akarudi kulia. Alifanya hivyo mara nyingi, sikuzihesabu. Wote wapo.

Shangazi akashusha kanga begani. "Sasa hii nimpe nani?"

Na Veronika, ambaye hatukuwahi kusikia mzaha wake tangu aje, akasema, "Shangazi umeleta moja? Mapacha wanapewa mbili mbili."

Dokta Projestus alicheka mpaka akakanyaga ndoo yangu, viatu vile vyote vinavyong'aa vikajaa maji. Sikumwomba msamaha.

Kazi niliacha kwa umri. Ambokile kahamishwa, bado ananipigia Krismasi na anaanza na shikamoo. Sabina aliposikia kisa hiki akauliza, "Kwa hiyo bibi, nani alimponya?" Nikamwambia, "Mtihani ukija na swali hilo, andika wote, halafu mstari wa chini uandike kwamba mfagizi alikuwa na habari na hakuna aliyemuuliza." Ninyi ndio hao wafagizi. Mnachokisikia mlangoni, kipelekeni kama kilivyo. Na salamu zenu zichungeni, hata zile tamu.

Mwezi uliopita nilivuka Kamanga kwenda kumsalimia Veronika. Nilivyoshuka, binti mmoja mrefu, mabega mapana, akaja kunipokea kapu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni yupi kati yao?"

"Doto."

Swali likapanda lenyewe, wanangu. Miaka yote hii, bado liko pale kwenye ncha ya ulimi. Nikalishika kwa meno.

"Hujambo wewe?" nikamuuliza.

Akasimama, akanitazama, akacheka. "Bibi, kila anayeshuka hapa ananiuliza Kulwa yuko wapi."

"Kulwa nitamuuliza mwenyewe nikimwona. Sasa hivi nimekuuliza wewe."

"Mimi?" Akafikiri kidogo. "Mimi nina njaa."

Nikafungua kapu nikampa michembe na karanga. Akala njiani kote, akala yote, hakubakiza hata punje, na sikumwambia amwachie mwenzake. Fungu la mwenzake lilikuwa chini ya kapu.